Lugha nyingi mpakani, hesabu moja: Kwa nini sura ya programu isibebe kanuni zake

RUSIZI, Rwanda

Anayeshuka kutoka Kamembe kuelekea daraja la Rusizi ya Kwanza anaweza kusikia bei ya beseni moja la sambaza ikitajwa kwa Kinyarwanda, ikapunguzwa kwa Kiswahili na kukubaliwa kwa Kifaransa. Malipo yanaweza kuwa faranga za Rwanda, faranga za Kongo au dola za Marekani, na hakuna anayeshangaa. Wakazi wa wilaya hii, ambayo wengi bado huiita Cyangugu, wameishi miaka mingi na Bukavu ng'ambo ya maji kama majirani wa mtaa mmoja.

Isiyozoea mambo hayo ni kompyuta. Mfumo ulioundwa kwa lugha moja huendelea kusema lugha hiyo moja, hata kama aliye mbele yake haielewi. Mama anayevusha nyanya au mchele akifika dirishani na skrini ikawa ya Kiingereza, hulazimika kumtegemea mtu wa kumsomea. Akisomewa kiasi cha kulipa, hulipa. Hana njia ya kuhakikisha kwamba kilichosomwa ndicho kilichoandikwa.

Kisheria, Kiswahili si mgeni hapa. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili ni moja kati ya lugha nne za taifa, ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kwa hiyo swali la kuongeza Kiswahili kwenye mifumo ya huduma za umma lingepaswa kuwa jepesi. Hata hivyo, jibu ambalo taasisi nyingi hupewa na waliowauzia mifumo, katika nchi nyingi duniani, ni kwamba kuongeza lugha ni kazi ya kuunda mfumo upya.

Mara nyingi jibu hilo ni la kweli, lakini sababu yake haimo katika lugha. Imo katika uamuzi uliofanywa siku ya kwanza, kabla hata skrini haijachorwa: je, kanuni za kazi zimewekwa mahali pake, au zimechanganywa na vitufe na maandishi anayoyaona mtumiaji?

MTAMBO NA SWICHI

Wataalamu hugawa programu katika sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni kiolesura, yaani sura ya programu: maandishi, vitufe, menyu, rangi, na kila kitu ambacho mtumiaji anakiona, anakisikia au anakibonyeza. Ya pili ni mantiki ya kazi: kanuni, hesabu na maamuzi. Nani anastahili msamaha wa ushuru, kiasi gani kinatozwa, hati ipi inahitajika, muda wa mwisho ni lini. Hayo yote ni mantiki, na hayategemei kama mtumiaji ana simu ya kitochi au kompyuta ya mezani.

Watu wa Rusizi wana mfano wa karibu. Kwenye mto unaotoka Ziwa Kivu kuelekea Tanganyika kuna kituo cha umeme cha Ruzizi ya Pili, kilichoanza kazi mwaka 1989. Kinaendeshwa na kampuni ya SINELAC, ambayo ni mali ya nchi tatu kwa pamoja: Burundi, Kongo na Rwanda. Umeme wake unagawanywa kati ya nchi hizo, na kila nchi ina shirika lake la kuusambaza, mita zake, bei zake na bili zake.

Mtambo ule haujui kama unawasha taa Bukavu, Kamembe au Bujumbura. Mafundi wanaweza kubadilisha sehemu ndani ya mtambo bila mtu yeyote kubadilisha swichi ya ukutani. Vilevile mwenye nyumba anaweza kubadilisha swichi zake zote bila kuomba ruhusa kwa mafundi wa mtoni. Kinachowaunganisha ni makubaliano machache yanayojulikana: umeme wa kiwango fulani utafika kwa njia fulani.

Programu iliyosanifiwa vizuri hufanya kazi hivyohivyo. Kiolesura ni swichi na taa. Mantiki ni mtambo. Kati yake kuna nyaya chache zenye masharti yaliyoandikwa. Programu iliyosanifiwa vibaya ni kama nyumba ambayo kila swichi imefungiwa jenereta yake ndogo ndani ya ukuta. Itawaka, lakini siku ya matengenezo fundi atabomoa kila ukuta.

HESABU IKIJIFICHA NYUMA YA KITUFE

Ubaya wa kuchanganya sehemu hizo mbili huonekana vizuri kwa mfano wa kanuni moja inayowagusa wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, zikiwa na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zinaweza kuvushwa kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa palepale mpakani, bila kutozwa ushuru wa forodha. Ni kanuni fupi. Mtu anaweza kuieleza kwa sentensi moja.

Chukulia kwamba ofisi fulani inaagiza programu ya kuitekeleza. Mwandishi wa programu anachora fomu kwa Kiingereza, anaweka kitufe cha kutuma, na ndani ya kitufe hicho anaandika maagizo: thamani ikiwa 2,000 au pungufu, onyesha ujumbe wa msamaha, ikizidi, onyesha fomu ndefu. Programu inafanya kazi, inakubaliwa na kulipiwa.

Mwaka unaofuata ofisi inataka menyu ya simu kwa Kinyarwanda, kwa sababu wafanyabiashara wengi hawana simu janja. Kampuni nyingine inapewa kazi hiyo. Haiwezi kuichukua kanuni kutoka kwenye programu ya kwanza, kwa kuwa imefungiwa ndani ya kitufe cha fomu ya Kiingereza. Kwa hiyo inaiandika upya. Mwaka wa tatu inaongezwa programu ya Kiswahili, na kanuni inaandikwa kwa mara ya tatu.

Sasa kanuni moja ina nakala tatu, na nakala hizo haziko sawa. Mwandishi wa pili alisoma "isiyozidi 2,000" akaandika "chini ya 2,000". Tofauti hiyo haionekani mpaka afike mtu mwenye mzigo wa dola 2,000 kamili. Kwenye kompyuta amesamehewa. Kwenye simu ametozwa. Kisha tuseme nchi wanachama zinakubaliana kupandisha kiwango. Nakala mbili zinarekebishwa usiku huohuo, ya tatu inasahauliwa kwa miezi, kwa sababu aliyeiandika ameshaondoka. Mzigo uleule, mpaka uleule, siku ileile, unapata majibu mawili kulingana na lugha ambayo mwenye mzigo aliitumia kuuliza. Hapo lugha imegeuka kuwa kodi.

Huu ni mfano wa kufikirika, lakini chanzo chake hakihitaji uzembe wala hila ya mtu yeyote. Watu watatu wenye nia njema, kila mmoja akifanya kazi aliyopewa, wanatosha kuuleta. Ndiyo maana wasanifu wa programu hawaridhiki na kuwaambia waandishi wawe makini zaidi. Hutaka kanuni iwe na makao mamoja.

KINACHOBADILIKA IKITENGANISHWA

Katika usanifu uliotenganishwa, kanuni ya dola 2,000 huandikwa mara moja, katika sehemu ya programu isiyo na kitufe wala neno la lugha ya mtumiaji. Sehemu hiyo hupokea taarifa chache: aina ya bidhaa, nchi ilikozalishwa, thamani na sarafu. Hurudisha jibu fupi lisilo na mapambo: cheti rahisi kinatosha, ushuru ni sifuri. Basi.

Kazi ya violesura ni kuuliza na kueleza. Kompyuta ya ofisa huonyesha jibu hilo katika jedwali la Kiingereza au Kifaransa. Menyu ya simu hulieleza kwa mistari mitatu ya Kinyarwanda. Programu ya simu janja hulisoma kwa sauti kwa Kiswahili. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachojua kiwango ni dola ngapi. Kiwango kikibadilika, mtu mmoja anabadilisha namba moja, na violesura vyote vinaanza kusema ukweli mpya kwa pamoja.

Faida ya pili ni upimaji. Kanuni iliyofichwa nyuma ya kitufe hupimwa kwa kukaa mbele ya skrini, kujaza fomu na kubonyeza, mara mia kwa visa mia. Kanuni iliyosimama peke yake inaweza kuulizwa maswali elfu moja na kompyuta nyingine kwa muda mfupi: mzigo wa dola 1,999, wa 2,000, wa 2,001, mzigo usio na nchi ya asili. Makosa ya aina ya "chini ya" na "isiyozidi" hukamatwa kabla hayajamfikia mtu mpakani.

Faida ya tatu ni ulinzi. Chochote kilichomo ndani ya simu au ukurasa ulio mikononi mwa mtumiaji kinaweza kuchezewa na mtumiaji huyo akiwa na ujuzi. Kama tozo inakokotolewa kwenye skrini na seva inapokea tu jumla iliyoletwa, mjanja anaweza kuleta jumla anayoitaka. Kiolesura kinaweza kumsaidia mtu kwa kumtahadharisha kwamba ameacha nafasi wazi, lakini uamuzi wa mwisho lazima ufanywe na mtambo, mahali ambapo mtumiaji hafiki.

Na ipo ya nne, inayojulikana vizuri na watu wa mipakani: kanuni hubadilika ghafla. Machi 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipoingia katika ukanda huu, mipaka ilifungwa na masharti ya kuvuka yakabadilika tena na tena. Katika nyakati kama hizo, mfumo ambao kanuni zake ziko mahali pamoja hubadilishwa haraka. Mfumo ambao kanuni zake zimetapakaa kwenye skrini 40 huachwa nyuma, na watu hurudi kwenye karatasi.

WAZO LILILOANZIA KWA MJENZI WA MELI

Wazo hili lina historia. Anayetajwa zaidi ni Trygve Reenskaug, mtaalamu wa Norway aliyefariki mwaka 2024. Katika miaka ya 1960 alishiriki kuunda Autokon, programu ya kusaidia kusanifu meli. Mwaka 1978 alikwenda Marekani katika kituo cha utafiti cha Xerox mjini Palo Alto, ambako watafiti walikuwa wakijaribu jambo lililokuwa geni wakati huo: skrini yenye madirisha na picha, inayoongozwa kwa kipanya.

Reenskaug alikuwa na tatizo la mtu wa viwandani. Mradi mkubwa wa meli una taarifa nyingi zilizofungamana, na kila mhusika anataka kuziona kwa namna yake: huyu kwa jedwali, yule kwa mchoro, mwingine kwa kalenda. Mwaka 1979 alipendekeza mgawanyo wa sehemu tatu. Ya kwanza hubeba taarifa zenyewe na maana yake. Ya pili huzionyesha. Ya tatu hupokea anachofanya mtumiaji, kama kubonyeza au kuandika, na kukipeleka panapostahili. Kwa Kiingereza mgawanyo huo hufupishwa kwa herufi MVC, na hadi leo hufundishwa kwa karibu kila mwanafunzi wa programu za tovuti.

Lengo lake halikuwa unadhifu wa msimbo tu. Alitaka picha ya kazi iliyo kichwani mwa mtumiaji ikutane na taarifa zilizo ndani ya mashine, bila mtumiaji kulazimishwa kufikiri kama mashine. Mfanyabiashara wa Kamembe anafikiri kwa magunia na mabeseni. Ofisa wa forodha anafikiri kwa namba za ushuru. Taarifa ni zilezile, sura ni mbili.

MIFANO ILIYO KWETU

Si lazima kwenda Norway kuona kazi ya wazo hili. Pande zote mbili za mto Rusizi, forodha hutumia mfumo uliotokana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Biashara na Maendeleo, UNCTAD, ambalo lilianza kuunda mfumo huo mwaka 1981 kwa ombi la nchi za Afrika Magharibi. Upande wa Rwanda unaitwa kwa jina lake la Kiingereza, ASYCUDA. Upande wa Kongo unaitwa kwa jina la Kifaransa, Sydonia. Burundi na Uganda pia wanautumia. Mtambo ni wa asili moja, lakini kila nchi huingiza viwango vyake vya ushuru na taratibu za sheria yake, na maofisa wake huufanyia kazi kwa lugha yao. Mfumo ambao kanuni za nchi moja zingekuwa zimechongwa ndani ya skrini zake usingeweza kuvuka mpaka hata mmoja.

Mfano wa pili ni wa lugha yenyewe. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya kuandikia na kufanyia hesabu kwa Kiswahili. Programu hiyo ilikuwa imeanzia Ujerumani, na waandishi wake wa kwanza hawakuwa na Kiswahili akilini. Iliwezekana kuipa Kiswahili kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi kwa wote, na maneno ya menyu yake yalikuwa yamehifadhiwa kando na sehemu inayopiga hesabu. Watafsiri wa Dar es Salaam waliandika maneno. Hawakuhitaji kuifundisha upya namna ya kujumlisha.

Wa tatu unawahusu mamilioni. M-Pesa ilizinduliwa nchini Kenya Machi 2007, na kwa miaka kadhaa seva zake zilikuwa Ujerumani. Aprili 2015 Safaricom ilihamishia huduma nzima nchini Kenya, juu ya mtambo mpya uliotengenezwa na Huawei. Kilichobadilishwa ni moyo wa mfumo unaobeba pesa za watu. Mama mboga aliyekuwa akipokea malipo aliendelea kutumia menyu aliyoizoea kwenye laini yake ya simu.

Baadaye ikawa kinyume: mtambo ukabaki, sura zikaongezeka. Mwaka 2017 Safaricom ilifungua njia ambayo programu za kampuni nyingine zinaweza kuitumia kuzungumza na M-Pesa, na ikaipa jina la Kiswahili linalofaa kabisa: Daraja. Duka la mtandaoni, shule au chama cha akiba kinaweza kuunda sura yake na lugha yake, kisha kupitia Daraja kuomba malipo. Kanuni za pesa hubaki upande wa pili.

Hapa Rwanda, Irembo, jukwaa la huduma za serikali lililoanza kazi mwaka 2015, hufikiwa kwa tovuti, kwa menyu ya simu ya *909#, na kupitia mawakala wanaomhudumia asiye na intaneti. Ombi moja lina milango mitatu. Tovuti husomeka kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kwa mfumo wenye milango mingi namna hiyo, lugha ya nne rasmi ya nchi ingepaswa kuwa kazi ya watafsiri na wachoraji wa skrini, si ya kuandika upya taratibu za cheti cha kuzaliwa.

MAGUNIA MAWILI, SAA MBILI

Kutenganisha si kuhamisha maneno kwenye faili moja na kumaliza. Kazi ngumu ni kuamua lipi ni la sura na lipi ni la mantiki, na Kiswahili huufichua uamuzi mbaya haraka.

Kiingereza humruhusu mwandishi mvivu kuunga sentensi kwa vipande: "una", kisha namba, kisha jina la kitu. Kwa Kiswahili vipande hivyo havishikani. Ni magunia mawili, lakini mifuko miwili, vikapu viwili na ndoo mbili. Mantiki ikijaribu kuunga sentensi yenyewe, mteja atasoma "magunia viwili" na kujua papo hapo kwamba mfumo haukuundwa kwa ajili yake. Kinyarwanda nacho, chenye ngeli zake, kina tatizo hilohilo. Dawa ni mtambo kurudisha namba na aina ya kitu tu, kisha kila kiolesura kiunde sentensi yake kwa sarufi yake.

Namba zenyewe zina mtego. Aliyesoma kwa Kifaransa akiandika 1.500 anamaanisha elfu moja na mia tano. Aliyesoma kwa Kiingereza anaweza kuisoma kuwa moja na nusu. Tarehe 03/04 kwa wengi wa huku ni tarehe 3 Aprili, lakini programu iliyotoka Marekani huisoma kuwa Machi 4. Mantiki haipaswi kupokea maandishi ya namna hiyo hata kidogo. Kiolesura ndicho kinachojua mtu huyu anaandikaje, na ndicho kigeuze maandishi kuwa namba kamili na tarehe isiyo na utata kabla ya kuvipeleka mtamboni.

Saa ni fundisho kubwa zaidi. Kwa Mswahili, na pia kwa Mnyarwanda anayesema "saa mbili za mu gitondo", saa mbili asubuhi ndiyo ile ambayo kompyuta huiandika 08:00. Na 08:00 ya Rusizi ni 08:00 Bukavu na Bujumbura, lakini ni 09:00 Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na ni 07:00 Kinshasa. Mfumo wa Jumuiya unaohifadhi "saa 8" bila kueleza ni ya wapi na ya hesabu ipi utachelewesha lori siku moja. Mtambo uhifadhi muda mmoja wa dunia, na kila sura iseme saa kwa namna ya watu wake.

GHARAMA ZAKE

Utenganisho huu si bure. Humlazimu mwandishi kufikiri mapema, kuandika makubaliano kati ya pande mbili na kuyatunza. Ushirika mdogo unaotaka jedwali la kuandika kilo za kahawa, lenye mtumiaji mmoja na lugha moja, hauhitaji tabaka tano. Wapo wasanifu waliozidisha, wakaunda programu ambayo kubadilisha neno moja kunahitaji kupita kwenye milango saba. Huo nao ni uzembe, ingawa huvaa tai.

Tatizo jingine ni mtandao. Mtambo ukiwa Kigali na simu ikiwa mahali ambapo mawimbi hukatika, kiolesura kisichojua kanuni yoyote hakiwezi kujibu lolote. Baadhi ya mifumo hubeba nakala ya kanuni ndani ya simu kwa ajili ya saa kama hizo. Hilo linakubalika kwa masharti mawili: nakala itoke katika chanzo kilekile badala ya kuandikwa upya kwa mkono, na jibu la simu lihesabiwe kuwa makadirio mpaka mtambo ulithibitishe.

Na lililo muhimu zaidi, utenganisho hauleti Kiswahili peke yake. Huondoa tu kisingizio. Bado atahitajika mtafsiri anayejua kwamba neno linaloeleweka Zanzibar huenda lisieleweke Bukavu, na bado ofisi itahitaji kumlipa.

MASWALI KABLA YA KUTIA SAINI

Maofisa wanaonunua mifumo si lazima wajue kuandika msimbo. Wanaweza kuuliza maswali manne kabla ya kutia saini mkataba. Je, lugha mpya inaweza kuongezwa bila kugusa kanuni? Je, kanuni inaweza kubadilishwa bila kugusa skrini, na inakaa mahali pamoja tu? Je, kanuni inaweza kupimwa bila mtu kubonyeza kitufe? Na je, simu na kompyuta zikiulizwa swali moja zitatoa jibu moja? Muuzaji anayejibu ndiyo aonyeshe palepale. Anayesita, bei yake ya leo si bei kamili; iliyobaki italipwa siku lugha ya pili itakapohitajika.

Sehemu ya malipo hayo huwaangukia watu ambao hawakuwa mezani mkataba ulipotiwa saini. Mfanyabiashara mwenye magunia 12 ya mchele wa Bugarama hatajua kamwe kama kanuni inayomhusu imeandikwa mara moja au mara tatu. Atajua tu kama kiasi alichotajiwa dirishani kinalingana na kile anachokisoma mwenyewe kwenye simu yake, kwa lugha yake. Kikilingana, atalipa bila kumtegemea mtu wa kumsomea.